Wauza dawa, bahasha tupu haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza dawa wa jiji hili. Mdogo wangu anasumbuliwa na kipandauso, kile cha kutapika na kujifungia gizani mchana kweupe. Daktari kamwandikia topirameti ya kapsuli, aina inayotoa dawa polepole. Wenye kifafa nao hupewa dawa hiyo. Humezwa mara moja tu kwa siku, maana chembe zilizomo ndani huachia dawa kidogo kidogo hadi kesho yake.

Duka moja la Kariakoo lilimpa kapsuli kwenye bahasha ya karatasi, boksi likabaki kaunta. Juu ya bahasha kalamu imeandika 1×2, yaani kapsuli moja mara mbili kwa siku. Mkono umezoea! Kumbe hiyo ni mara mbili ya dozi aliyoandikiwa. Alipouliza kama anaweza kuifungua akoroge kwenye uji, akajibiwa, "Haina shida, dada."

Shida ipo. Kapsuli za kampuni fulani huruhusiwa kufunguliwa, zikanyunyizwa kwenye kijiko cha chakula laini na kumezwa bila kutafuna. Za kampuni nyingine hazifunguliwi kabisa. Maelezo hayo yamo kwenye karatasi iliyobaki kaunta, na hata angepewa, ni Kiingereza kitupu cha herufi za sisimizi. Chembe zikipondwa, dawa ya siku nzima huingia mwilini kwa mkupuo, halafu baadaye hupungua kabla ya wakati. Kwa mwenye kifafa, hapo ndipo anapoweza kuanguka jikoni, jiko likiwaka.

Halafu kuna joto letu. Topirameti inaweza kupunguza jasho, hasa kwa watoto, mwili ukashindwa kujipoza. Kwa Januari ya Dar, hilo si la kunyamaziwa. Mgonjwa aambiwe anywe maji ya kutosha, maana dawa hiyo huweza pia kuleta mawe kwenye figo. Mwanamke anayeweza kushika mimba aambiwe mapema kwamba inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na wote waambiwe wasiiache ghafla bila daktari.

Naliomba Baraza la Famasi lisimamie maelezo ya Kiswahili kwenye kila bahasha ya dawa za aina hii. Wenye maduka wasisubiri agizo: mhuri wa mpira wenye maneno USIPONDE, USITAFUNE unachongwa hapo hapo Kariakoo. Na boksi apewe mgonjwa, kwani kalilipia.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam