Bwana ameingia retreti, na mimi nimepata shefu wa kunisimamia

Bwana Muhariri,

Yambo sana kwako na kwa wote wenye kutengeneza gazeti. Mi ni mama wa hapa Makomeno, Lubumbashi, nasoma ukurasa wenu wa ndoa tangu zamani na kila juma naona munafundisha vijana: mahari isiwe kubwa sana, mama mukwe muheshimiwe, mushahara muongee pamoja, telefone ya mwenzako usifungue usiku. Ni vizuri, wafundisheni, wanahitaji. Lakini sisi wenye tulioana 1978 munatuacha tu hivi, sijui munafikiri ndoa ikishazeeka inajiendesha yenyewe. Naomba nafasi kidogo niseme jambo moja lenye hakuna mutu alinifundisha, si padri, si mama yangu, si wale wamama walionishauri usiku kucha mbele ya harusi. Nalo ni namna ya kuishi na mwanaume mwenye ameingia retreti, yaani amestaafu kazi.

Wangu alikuwa mashinisti, dereva wa treni. Muelewe vizuri maana yake. Treni ikitoka hapa inapita Likasi, inapita Tenke, inapanda mpaka Kamina, na kule Kamina reli inagawanyika, moja inaenda Ilebo kwenye muto Kasai, ingine inashika njia ya Kabalo na Kalemie. Yeye alikuwa anaaga hapa asubuhi, kurudi Mungu njo anajua. Watu wanatuuliza siri ya ndoa yetu, watoto wetu wenyewe wanauliza, wanangoja niwaambie sala au uvumilivu. Siri ni Kamina! Tukigombana Jumatatu, Jumanne yeye yuko kule mi niko huku, hasira inakosa mutu wa kuiangalia usoni, na akirudi na kuku wawili na mufuko wa mihogo wenye alinunua njiani, nani atakumbuka tena tulikuwa tunabishania nini.

Kiisha ikafika retreti. Walimufanyia sherehe, hotuba, picha, wakamupa saa ya ukutani (sijui kwa nini mutu mwenye hana tena pa kuwahi anapewa saa). Majirani wakanipongeza sana, mama sasa utakuwa na bwana wako pembeni. Alirudisha taa, alirudisha funguo, alirudisha kila kitu cha kazi isipokuwa filimbi.

Mwanzoni alilala tu, nikafurahi, nikasema wacha muzee apumzike. Alipomaliza kulala akaanza kontrole. Niko pale kwenye mbabula, jiko letu la makaa, anakuja na mikono nyuma ya mugongo, anafunua sufuria. "Mama, hii sombe uliianza saa ngapi?" Bwana Muhariri, sombe ni majani ya muhogo, tangu nizaliwe sijasikia mutu anauliza sombe ilianza saa ngapi, sombe inaiva siku yenye inaiva! Kesho yake: "Juu ya nini unatia vitunguu mbele ya nyanya?" Miaka yote hiyo amekula, amelamba vidole, ameomba ingine, hakujua kama vitunguu vilitangulia ama vilifuata, leo njo anataka sababu.

Akanunua kaye ya masomo, ile ya watoto, akaandika juu MAKALA, yaani makaa ya kupikia, kwa herufi kubwa. Gunia likiingia anaandika tarehe, likiisha anaandika tarehe, anapiga mahesabu na biki ya mwekundu, na ananiambia kwa sauti ya buro kwamba matumizi yamepanda. Sikujibu. Nilingoja aonyeshe vizuri kaye mbele ya shemeji yangu, ndiyo nikauliza yale maji ya moto ya kuoga, sufuria mbili asubuhi na mbili jioni, yanachemka na makala ya nani, maana zamani yalikuwa yanachemka kule Kamina. Akafunga kaye. Akasema hayo mahesabu yanaomba kuangaliwa tena.

Halafu orere, ratiba ya saa kama ile ya treni. Alichukua katoni, akachora mistari na rula, akabandika kwenye mulango: chai, kufagia, soko, bukari (ugali wetu). Na pale pa bukari aliandika kabisa "kuondoka" na "kufika", kuondoka motoni, kufika mezani. Mujukuu wetu akasoma polepole na kidole, akauliza, "Kambo, na kama bukari imechelewa?" Muzee akamujibu bila kucheka, "Tunafanya raporo." Mutoto naye si mujinga, akauliza tena ile treni ya Ilebo walikuwa wanaifanyiaka raporo ngapi. Hapo nilitoka nje kwa sababu kicheko kilikuwa kinanibana.

Filimbi anaipiga saa ya watoto kuoga. Ya kwetu wanajificha, ya jirani wanakuja wanapanga mustari.

Ku soko sasa. Alisema anataka kunisaidia, tukaenda wote soko ya Kenya. Wanawake wanaojua soko watanielewa: ukienda na mwanaume mwenye shati la pasi, bei inapanda mbele hata hujasalimia. Mi nina mama wangu wa mboga za lenga-lenga, tunajuana, ananiongezea kamukono bila kuomba. Muzee akasimama pale akaanza kuhesabu kila fungu lina miti mingapi, akagawanya bei, akamuambia mama wa watu kwamba fungu la kushoto lina hasara. Yule mama akaniangalia, nikaangalia nyanya. Kwenye unga ilikuwa mbaya zaidi, alitaka fakture, karatasi ya risiti, fakture ya meka mbili za unga, vipimo viwili tu! Na sasa chenye kinaniuma ni kwamba wamemupenda. Nikienda peke yangu wananiuliza, "Papa eko wapi leo? Umusalimie." Nimenunua pale miaka na miaka, hakuna hata siku moja walituma mutu aniletee salamu.

Sasa mutasema mama anachekesha tu. Hapana, niko na neno la kweli. Reli ilifika mu huu muji 1910, na makampuni ya zamani, BCK ya treni na Union Minière ya shaba, walikuja kuelewa kwamba mufanyakazi mwenye bibi na watoto karibu hatoroki, anakaa, anafanya kazi vizuri. Njo sababu walijenga makambi, wakagawa posho ya unga, wakafungua fuaye, nyumba za kufundishia wanawake kazi za nyumbani. Mi nilipita fuaye nikiwa binti. Tulifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi kola, kuogesha mutoto, kuweka nyumba safi ili bwana akitoka kazi akute raha. Akitoka kazi! Masomo yote yalisimama juu ya hilo, kwamba asubuhi kuna kitu kitalia, bwana atatoka, jioni atarudi. Hakuna mutawa wala monitrisi alituambia siku moja hakitalia, na bwana atabaki pale kwenye kiti anakuangalia unapiga pasi. Na wanaume wenyewe je? Walifundishwa kazi ya mashini, ya shimo, ya karani. Kukaa nyumbani hakuna aliyewafundisha, na sisi tunashangaa hawajui.

Niliona hiyo mambo kwa wingi 2003, wakati wa ile départs volontaires (kuacha kazi kwa hiari) ya Gécamines, kampuni ya shaba yenye ilirithi Union Minière, wafanyakazi zaidi ya 10,000, karibu wote wanaume, walirudi nyumbani karibu wakati mumoja, wengine bado na nguvu zao zote. Mukaandika sana juu ya pesa, ni haki, pesa ilikuwa jambo kubwa, na wanawake njo walishika kazi, huyu anauza makala, huyu unga, huyu mikate asubuhi kwa wanafunzi. Dada yangu alikuwa mumoja wao. Lakini mambo ya ndani hamukuandika. Dada alikuwa anarudi jioni na beseni kichwani, miguu imevimba, anamukuta bwana kwenye kizingiti anauliza bei ya mafuta leo ni ngapi na kwa nini mikate mitatu imerudi. Kumuzidi mukaguzi! Na alikuwa mutu mupole, kazini walimupenda wote. Alikosa tu mahali pa kupeleka ule ushefu wake wote.

Kuhusu mupira nitasema kidogo, maana hapo tuna vita ya kweli. Yeye ni wa Lupopo, timu ya watu wa reli, mutu wa reli atakuwa nini kingine, mi nimezaliwa Kamalondo, mutaa wa timu ya Mazembe, ni Mazembe mpaka kaburini. Zamani siku ya derbi haikutusumbua, kwa sababu mara nyingi alikuwa njiani. Sasa televizio ni moja na rimoti inalala chini ya muto wake. 2010, Mazembe ilipopiga Internacional ya Brazili 2-0 ikaingia fainali ya kombe la dunia la vilabu kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, nilicheza na kitenge kichwani mutaa muzima, watoto wanaruka na matako sawa Kidiaba, golikipa wetu, na yeye yuko ndani anasema kichwa kinamuuma. Tulipofungwa na Inter ya Italia 3-0 kichwa kikapona. Alitoka nje akaanza kusalimia majirani mumoja mumoja, hata wale wenye walikuwa hawaongei. Nikamuambia tangu lini umekuwa Mutaliani.

Nisiseme mabaya tu, atasoma. Mwezi wa sita na wa saba, wenye kujua baridi ya hapa wanajua, asubuhi vidole vyangu havifungui hata kifuniko. Anaamuka mbele yangu, anawasha mbabula nje, moshi ukiisha anaweka maji. Ni jambo zuri sana. Shida ni kwamba anakuja kuniamusha ili aniambie ameniacha nilale. Na usiku, kama treni inapita, anakaa kitandani, anasikiliza mpaka behewa la mwisho, anasema, "Ule anatembeza vibaya, atachosha freni." Mi namuambia lala, ule ako na shefu wake. Analala. Baadaye namusikia anahesabu tena mabehewa polepole, na hapo simusumbui.

Haya, ombi langu sasa. Majengo ya zamani ya fuaye mengine yanasimama bado, na sale za paroki, vile vyumba vya mikutano, ziko wazi katikati ya juma. Tufungue fuaye ya wazee wanaume. Walimu ni sisi, hatutaki hata mushahara. Tutaanza na somo la kukaa karibu na sufuria bila kufunua, nadhani hilo litachukua mwaka wa kwanza wote. Kiisha wapige pasi shati zao. Kiisha waende soko na pesa kidogo bila kaye, warudi na kitu cha kula, na wenye hawakurudi na kitu tutawaacha walale hivyo. Mutu atasema wazee wako na kivuli chao pale kwenye muembe, wanacheza damu, ule muchezo wa kete, wanakunywa munkoyo, inatosha. Haitoshi! Wa kwangu anaenda vizuri, saa sita kamili anarudi kuangalia kama bukari imeondoka, halafu anarudi pale kuwaambia wenzake, na wenzake nao wanatoka kwenda kuangalia ya kwao. Jirani yangu ananiambia siku hizi akisikia filimbi anajua na wake yuko njiani.

Nilimuonyesha bwana hii barua mbele ya kuituma, maana nyumba yetu hatufichani, na pia kwa sababu angeikuta tu. Aliisoma yote na miwani, bila kusema kitu. Nikafikiri amekasirika. Akauliza, "Hiyo fuaye, nani atakuwa shefu?" Nikamuambia hatujafika pale. Sasa hivi ninavyoandika yuko mezani na katoni mupya na rula, amekwisha kugawanya juma lote, somo la sufuria ameliweka Jumanne, akaacha Jumamosi wazi kwa ajili ya raporo.

Amesahihisha pia tarehe mbili na biki yake mwekundu, nimezikubali. Na anaomba niandike kwamba hakuwa mashinisti tu, alikuwa mashinisti wa daraja la kwanza. Nimeandika.

Mama mumoja wa Makomeno,
Lubumbashi