Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: majibu ya mikorosho yako wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka huku Umakondeni, Mtwara. Najua una mengi mezani, na barua hii nisingeiandika kama wiki iliyopita lisingefika gari jingine la watafiti kwa mwenyekiti wa kitongoji, na barua yenye muhuri wa ofisi yako ikiomba "ushirikiano wa wananchi".

Ushirikiano tulishautoa, Mheshimiwa. Wenzao waliotangulia walipigilia vibati vya namba kwenye mikorosho yetu, wakachimba udongo shinani, wakakata vipande vya mizizi, wakafunga vyote kwenye mifuko ya nailoni. Mke wangu akawapikia ugali wa muhogo na kisamvu. Dodoso tukajibu, mpaka idadi ya kuku tukaulizwa. Jioni mtu wa ofisi yako akasimama mkutanoni akasema majibu yatarudi kabla ya palizi. Palizi ipi, hakusema. Kibati cha mkorosho alioupanda marehemu baba kimeota kutu, na mkorosho wenyewe sasa ni kuni.

Ulianza kukauka upande mmoja, majani yakageuka manjano tawi baada ya tawi, huku upande wa pili ukiwa bado kijani. Ugonjwa wa ubwiriunga tunaujua, unashika maua na majani machanga, na salfa tunapuliza kila msimu. Huu si huo. Tunasikia huenda ni mnyauko fusari, ugonjwa unaokaa udongoni na kusafiri na udongo ulioganda kwenye majembe na viatu. Kama ndio, tuache kuazimana majembe, na tuelezwe mti uliokufa tuufanyeje. Kama sio, basi nina majirani wawili wasiosalimiana bure, kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyemletea maradhi shambani. Na wale watafiti waliozunguka shamba kwa shamba na buti zilezile, walizisafishia wapi? Nauliza tu.

Majibu yamekwama wapi, sijui. Pengine hela ya mradi iliisha. Pengine yamo kabatini kwako, kwa Kiingereza. Au kuna mtu aliona mkulima hana haja nayo, kazi yake ni kulinda kibati kisidondoke. Lakini kwenye makato ya korosho tunazopeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, utafiti nao huwa unatajwa. Kwenye kipaza sauti mnatuita wadau. Mbona hatukuulizwa kabla kinachotakiwa kuchunguzwa? Tungewaambia waanzie kule bondeni, ndiko miti ilikoanza kufa. Wao waliishia mashamba ya kando ya barabara, gari linakofika.

Ombi langu ni moja. Usigonge muhuri mwingine kabla majibu ya kwanza hayajasomwa kijijini, kwa Kiswahili, mbele ya wakulima, nasi tuulize. Hata kama hawakugundua kitu, waje waseme hawakugundua kitu. Hilo nalo ni jibu, litatusaidia kuliko huu ukimya. Hawa wapya nimewaambia kwa heshima kwamba shambani kwangu hawaingii mpaka ya kwanza yasomwe, na si mimi peke yangu niliyesema hivyo.

Tupe tarehe tu, Mheshimiwa. Tarehe ya mkutano.

Mkulima wa korosho,
Mtwara