Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: tuonyesheni mtaji mnaoupima ninyi

Ndugu Gavana Emmanuel Tutuba,

Salaam. Mimi ni mhasibu wa saccos, na akiba ya wanachama wetu iko benki. Ndiyo maana husoma taarifa za fedha ambazo benki hutangaza magazetini kila robo mwaka. Katika kurasa nilizosoma, kiashiria cha mtaji ni uwiano wa fedha za wanahisa kwa mali zote. Ninyi hampimi hivyo. Kanuni zenu zinataka mtaji wa msingi (hasa fedha za wanahisa wenyewe na faida iliyobakizwa) usipungue asilimia 12.5 ya mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari, yaani kila mali ikihesabiwa kwa kadiri inavyoweza kuleta hasara, na mtaji jumla (wa msingi pamoja na wa nyongeza) asilimia 14.5, ndani ya kila kimoja ikiwemo akiba ya kinga ya asilimia 2.5.

Mtaji wa msingi mnaukokotoa baada ya kuondoa visivyoweza kufidia hasara, kama gharama zilizolipwa kabla na kodi iliyoahirishwa. Dhamana za Serikali, kama hatifungani zake, mnazipa uzito sifuri. Mkopo wa kawaida wa mfanyabiashara unahesabiwa wote. Kwa hiyo benki mbili zenye uwiano uleule gazetini zinaweza kupishana sana mezani kwako: moja imejaza hatifungani za Serikali, nyingine imekopesha karibu kila shilingi. Sisi huku nje tunaziona pacha.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ya wakulima wa Kagera. Bima ya amana wakati ule iliishia shilingi milioni 1.5, mwenye zaidi alisubiri ufilisi. Leo ni milioni 7.5, na hilo tunashukuru, ila kwa akaunti ya saccos bado ni kidogo mno.

Najua mtasema watu wakiona mtaji umeshuka watakimbilia dirishani. Wapo watakaokimbia. Lakini uwiano huohuo mnaoupima ninyi, benki huutoa kwenye hesabu za mwaka zilizokaguliwa, miezi mingi ikiwa imepita. Siri hapo haipo, upo ucheleweshaji tu, na anayeumia ni asiye na jamaa ndani ya benki.

Ongezeni mistari miwili kwenye fomu ya robo mwaka: mtaji wa msingi na mtaji jumla kwa mali zilizopimwa hatari, kando yake kiwango cha chini cha kisheria. Na iwe kwa Kiswahili pia. Ningependa kuiona kwenye taarifa za robo ijayo.

Wako,
Mhasibu wa saccos, Iringa