Video iliyopigwa gizani: tunachoweza kukiokoa na tusichoweza

Wateja wengi wanaotuletea video za gizani huanza kwa kujitetea: "Nimejaribu kuongeza mwanga mwenyewe, ikawa chenga tupu." Hujaharibu kitu. Chenga hizo zilikuwemo tangu video inapigwa. Giza lilizisitiri tu, na ulipoongeza mwanga zikajitokeza pamoja na picha.

Chanzo chake ni uchache wa mwanga wenyewe. Mwanga hufika kwenye kihisi cha kamera kwa chembechembe ziitwazo fotoni, nazo huanguka kama manyunyu juu ya paa: kigae hiki kimepata matone matatu, cha jirani saba, na wingu ni lile lile moja. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, inayopokea fotoni 10,000 hivi huyumba kwa takriban 100, yaani asilimia 1, na jicho halitambui. Inayopokea 100 huyumba kwa 10, asilimia 10 nzima, na ukuta mweupe unaanza kuonekana kama umemwagiwa mchanga. Mpiga picha za mnato ana pa kutokea, kwa kuwa anaweza kuiacha kamera ikusanye mwanga kwa sekunde kadhaa. Wa video hana. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana, kila fremu ina 1/25 ya sekunde tu ya kukusanya ilichobahatika kupata.

Kitufe cha kuongeza mwanga kwenye simu huzidisha kila kitu: uso, ukuta na chenga. Sisi tunatumia akili unde iliyofunzwa kwa njia ya ujifunzaji wa kina, yaani mtandao wa neva (programu inayoiga seli za ubongo) ulioonyeshwa mifano mingi hadi ukazoea kutofautisha chenga na picha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois na maabara za Intel walitoa mifano zaidi ya 5,000 ya aina hiyo. Walipiga picha ya mahali palipotulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha wakaipiga tena kwa sekunde 10 au 30, ili mtandao ujifunze kuitoa ile safi kutoka kwenye ile ya giza. Matokeo yalikuwa ya kushangaza, lakini zilikuwa picha za vitu visivyosogea.

Video husogea, na hapo ndipo saa zetu nyingi huishia. Mtandao ukisafisha fremu moja moja, kila fremu itapendeza ukiitazama peke yake. Ziunganishe uone: ukuta unapepesa, rangi ya shati inabadilika kidogo kila mara, kama taa inayokaribia kuungua. Dawa yake ni kuzitazama fremu jirani kwa pamoja. Ukichukua wastani wa fremu 4 zinazoonyesha kitu kile kile, chenga hupungua kwa nusu. Kwa fremu 16 hubaki robo. Sharti ni kwamba programu ijue kwanza kila kitu kimehamia wapi kati ya fremu na fremu. Ikikosea, anayecheza muziki ataburuta vivuli vya mikono yake nyuma yake. (Watu wanaocheza ndio mtihani wetu mkubwa. Aliyekaa kimya akihutubia hatusumbui.)

Kwa hiyo tunaomba jambo moja: tupe faili asili, lile lililotoka kwenye kamera. Video nyingi za simu hutunza ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi, na eneo la giza huenda likatumia kumi na kitu kati ya hizo. Juu ya hapo, simu inapobana faili ili liwe dogo, huanza kubania sehemu za giza kwa kudhani hakuna atakayezitazama. Ukiipitisha tena kwenye programu ya kutumiana ujumbe, inabanwa mara ya pili. Tukiongeza mwanga tunakuta miraba miraba mahali palipokuwa na nywele au mikunjo ya nguo, na nywele hizo hazirudi. Tuma kama hati, siyo kama video, au lete kadi ya kumbukumbu.

Kuna kazi tunazozikataa. Mtandao ukikosa taarifa haunyamazi, hukisia kutokana na ulivyovizoea vitu vya aina ile. Kwenye majani ya mti kisio hilo halimdhuru mtu. Kwenye uso usiotambulika au namba ya gari, mtandao unaweza kuchora sura au tarakimu zinazoonekana vizuri kabisa na zisiwe zenyewe. Anayetaka video ya kumtia mtu hatiani hatutamsafishia, hata akituhakikishia kwamba anamjua mhusika. Faili hilo alihifadhi kama lilivyo, asiliguse.

Kwa sherehe, mahojiano, mchezo wa kuigiza jukwaani au mtoto aliyezima mshumaa wa keki kabla taa hazijawashwa, karibu. Tutumie kwanza sekunde kumi za sehemu yenye giza zaidi, na ndani yake awemo mtu anayesogea. Tutakurudishia kipande hicho kikiwa kimesafishwa. Kitazame kwenye skrini kubwa, maana skrini ya simu huficha mengi, ndipo uamue kama utatupa video nzima.