Kwa nini mama hapandi meli

Mambo shosti,

Juzi uliniuliza kwa nini mama hapandi meli, bora akae kwenye basi kutwa nzima azunguke Biharamulo na Geita wakati meli ipo pale Bukoba na unalala tu unaamkia Mwanza. Sikutaka kukujibu kwa kifupi.

Ni MV Bukoba bana, ile meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Shangazi alikuwemo. Alikuwa anafanya biashara ya ndizi, anapakilia bandari ya Kemondo kule Bukoba anauza Mwanza, na daraja lake siku zote la tatu, na baba ndo alikuwa anampokea bandarini. Asubuhi ile kasimama zake anasubiri kama kawaida, meli ikapinduka imebaki kidogo tu ifike. Ilitakiwa kubeba watu 430, kumbe humo ndani walikuwa wangapi Mungu ndo anajua, maana waliokufa tu ni zaidi ya 800.

Sasa sikia kilichomuumiza baba. Majina yaliyoandikwa yalikuwa ya daraja la kwanza na la pili, la tatu hawana orodha kabisa, yaani ulikuwa unapanda tu. Kwa hiyo baba anatafuta jina la dadake halioni, akawa anajipa moyo labda hakusafiri, labda mzigo ulichelewa kabaki Kemondo, na simu za mkononi hakuna enzi hizo, ikabidi atume ujumbe kwa dereva wa lori. Jibu lilivyorudi ni jirani anasema mbona nilimsaidia kupandisha mikungu yake mwenyewe na akaniaga. Hiyo ndo ikawa orodha yetu.

Maiti hatukuipata. Bibi alikataa matanga muda mrefu sana, kwetu mtu anazikwa kibanjani kwake kwenye migomba, sa utamlilia nani na kaburi hakuna? Wale ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, kule Mwanza, na baba huenda kila mwaka, akifika anasalia makaburi yote kwa sababu hajui lipi ni lipi.

Mama naye akaapa. Hata kivuko cha Busisi alikuwa anavuka na rozari mkononi macho kafumba, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi mwaka 2025 alishangilia kuliko wanasiasa wenyewe, we acha.

Ukija Mei twende wote Igoma, baba atafurahi. Ila usimguse kwenye habari ya kutoboa meli. Ilikuwa inaelea chini juu, watu wanagonga kwa ndani, wakaikata ili wawatoe, hewa ikatoka ikazama na waliokuwemo. Watu wanawalaumu walioikata mpaka leo, ila baba huwa anasema we ungesikia wanagonga ungekaa tu? Mimi namwelewa.

Haya, na kile kitenge changu usisahau kukileta, fundi ananisumbua.