Unashuka Marigat au Kisumu na piki ya tu-stroki? Angalia jeti kwanza

Kila wikendi ikikaribia tunaulizwa swali moja hapa gereji, mbona piki yangu inavuta poa sana huku Njoro na Molo lakini nikiishusha Marigat ama Kisumu inaanza kulia vibaya, inapata moto, na nikiachilia resi haitaki kutulia. Jibu karibu kila mara ni jeti za kabureta, vile vipande vidogo vya shaba vyenye shimo la kupima petroli inayoingia kwa injini. Watu wanadharau hii kitu mpaka siku pistoni inabana, na hapo bei ishakuwa ingine kabisa.

Tuelewane kwanza ni piki gani. Sio boda, boda ni foo-stroki na zinasamehe mambo mengi. Hapa ni tu-stroki za matope, YZ125 na YZ250 za Yamaha, KX za Kawasaki, KTM za kabureta, na wale bado wako na DT za Yamaha pia msome. Kama KTM yako ni ile ya TPI, zile 250 na 300 za enduro zilizoanza na modeli ya 2018, hio inajipimia mafuta na kompyuta, we endelea kukula maisha.

Sasa shida iko hapa. Ukipanda juu hewa inapungua, ukishuka inaongezeka, kama asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000, lakini shimo la jeti linabaki vile vile na mafuta hayafuati hewa kwa kipimo sawa. Nakuru mjini tuko karibu mita 1,850. Eldoret ni kama 2,100, Timboroa unapita 2,700, Kisumu ni 1,130 hivi na Marigat inakaribia hapo hapo. Kwa hivyo mtu ametuniwa piki Timboroa ikakaa sawa kabisa, akaiweka kwa pikapu, akashuka nayo hadi kando ya ziwa Kisumu, ametoka na zaidi ya mita 1,500 na hajagusa bisibisi.

Na kupanda sio sawa na kushuka. Ukipanda bila kubadilisha jeti mafuta yanazidi, piki inatoa moshi, inagugumia ukifungua resi, plagi inalowa, unaweka plagi ingine unaendelea kulalamika. Inakera lakini haiui injini. Ukishuka ndio balaa, kwa sababu sasa mafuta ni kidogo kuliko hewa, moto unapanda ndani ya silinda, na kumbuka kwa tu-stroki oili inakuja ndani ya hayo hayo mafuta, kwa hivyo ukiinyima petroli umeinyima pia oili. Kibaya zaidi ni kwamba kabla ibane huwa inavuta vizuri kweli, kali, nyepesi, mwenyewe anafurahi ati leo imeamka.

Kuna wajuaji watakuambia Kisumu kuna joto, joto pia linapunguza hewa, kwa hivyo mambo yanajisawazisha. Ni kweli nusu. Joto la saa saba mchana linarudisha sehemu ya hio tofauti, halirudishi yote, na wengi wenu hamuendeshi saa saba, mnatoka alfajiri kukiwa baridi, mnapata ile lami imenyooka kabla ya Marigat na mnashikilia resi mpaka mwisho kilomita baada ya kilomita. Piki ya matope haikutengenezwa kwa hio kazi hata ikiwa imetuniwa.

Ukitaka kujua ni jeti gani inakusumbua, usianze kufungua kabureta, anza na mkono wa resi. Chukua kipande cha tepu nyeupe bandika kwa gripu, weka alama ya kufunga, robo, nusu, robo tatu na mwisho, alafu mstari mmoja kwa ile nyumba ya waya isiyozunguka. Endesha uangalie shida inatokea alama gani. Kutoka kufunga mpaka robo ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Robo mpaka robo tatu ni sindano ya ndani ya kabureta. Kutoka robo tatu kwenda mwisho ni jeti kubwa. Zinaingiliana kidogo, lakini ukishajua hivyo hutabadilisha jeti kubwa kwa sababu ya shida inayotokea ukisimama kwa taa za trafiki, na tumeona hio mara nyingi kuliko inavyofaa.

Skrubu ya hewa, ukiifungua unaongeza hewa, ukiifunga unaongeza mafuta. Injini ikiwa imepata moto, zungusha polepole utafute pale inalia juu na safi. Ukihesabu kutoka ilipofungwa kabisa, ikikuwa safi chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo sana, ikipita mizunguko miwili na nusu hio jeti ni kubwa. Sindano nayo iko na klipu, ukishusha klipu sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Jeti kubwa tunaipima na plagi mpya, unavuta resi yote gia ya tatu ama ya nne mahali salama, unazima na swichi huku umeshika klachi, unaacha iteleze mpaka isimame alafu unatoa plagi. Ukiona rangi ya chai ya maziwa iliyokolea uko sawa, nyeusi na mbichi mafuta yamezidi, nyeupe usiiwashe tena.

Ila kabla ya hayo yote sisi hutafuta kama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Mpira wa kati ya kabureta na silinda ukipasuka, ama sili ya krenki ikichoka, piki itaonyesha dalili zile zile za kukosa mafuta, na unaweza kubadilisha jeti mpaka uzimalize dukani. Piki ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa resi, tunapuliza dawa ya kusafisha kabureta kwa viungo, mlio ukibadilika tumempata mwizi.

Na tafadhali, jeti haisafishwi na waya wa klachi. Shaba ni laini, ukiikwaruza ndani ile namba imeandikwa juu inakuwa uongo. Tunapokea jeti imeandikwa hivi na inapitisha mafuta ya ingine, kumbe kuna fundi alipitisha waya. Puliza na kompresa, ikikataa nunua ingine.

Kuhusu oili, kuna mtu akiona piki ina moto anaongeza oili kwa petroli akifikiri anaisaidia. Ukiongeza oili, petroli inayopita kwa hilo shimo inapungua, umezidisha shida. Chagua kipimo kimoja ukae nacho. Ukichanganya 40 kwa 1 lita 5 ni mililita 125, ukichanganya 32 kwa 1 ni kama 156. Tukishatuni kwa kipimo chako usibadilishe bila kutuambia.

Ukituletea piki ije na mafuta unayotumia siku zote ndani ya tangi, eya klina imeoshwa na kupakwa oili, na utuambie unaenda kuendesha wapi, sio unaishi wapi. Wale wa kuzunguka Menengai wiki yote na mara moja moja wanashuka Baringo tunawawekea za huku na kuwafungia jeti kubwa za kushukia kwa kifuko, na tunamwonyesha mwenyewe kuzibadilisha kando ya barabara. YZ125 ni Mikuni, YZ250 na piki nyingi zingine ni Keihin, na jeti zake haziingiliani, kwa hivyo angalia kabureta yako imeandikwa nini kabla upige simu. Za Keihin huisha haraka mwezi wa Desemba.