Barua kwa Yona: watoto watatu, nyumba moja

Kamsamba, Momba

Ndugu yangu Yona,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama anakusalimu, na mpunga mwaka huu umekubali. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa shangazi, unisamehe. Leo nimebanwa na jambo la mwanangu Atupele.

Anaomba mkopo wa chuo. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya, maana alizaliwa 2008. Kwenye fomu ya mtandaoni akichagua Mbeya, Mbozi haimo. Akichagua Songwe, Mbozi ipo, lakini Kamsamba haimo kwenye orodha ya kata zake, kwa kuwa sasa tuko Momba. Akajaza Momba, Songwe. Ofisi moja ikamrudishia: maelezo hayalingani na cheti. Mtoto amelia, Yona, na mimi nimekosa usingizi siku ya tatu.

Hebu fikiria. Momba ilikatwa kutoka Mbozi 2012, kisha 2016 Mbeya ikagawanywa tukapata Songwe. Kwa hiyo Atupele ni wa Mbozi, Mbeya. Baraka wa 2013 ni wa Momba, Mbeya. Neema wa 2017 ni wa Momba, Songwe. Wote watatu mkunga ni yuleyule, chumba kilekile! Na mzee wangu ukimuuliza, yeye alizaliwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, kabla hata hayo majimbo hayajawa mikoa. Nyumba haijasogea hata hatua moja.

Sisemi kugawanya ni kubaya. Wewe unakumbuka tulivyokuwa tukienda Mbeya kufuata mhuri mmoja na kulala stendi. Sasa makao ya mkoa ni Vwawa, na halmashauri yetu iko Chitete. Hilo nashukuru kwa dhati. Ila ukitaja Momba watu huchanganya: Tunduma imo ndani ya wilaya yetu lakini ina halmashauri yake ya mji. Mkuu wa Wilaya ni mmoja, wakurugenzi wawili. Juzi mama Subira alipeleka barua yake Tunduma, akaambiwa arudi Chitete. Nauli ikaenda hivyohivyo.

Kinachoniuma ni kwamba huku chini, kitongoji, kijiji, kata, wanatufahamu kwa majina. Mwenyekiti wa kitongoji alimwona Atupele akiwa na siku mbili. Diwani tulimpigia kura wenyewe. Mtendaji wa kata ameandika barua ya utambulisho bila kusita. Lakini mipaka ikichorwa upya huko juu, karatasi za zamani zinabaki mikononi mwetu, na hakuna anayekuja kutueleza tuzifanyeje. Nimemwuliza Afisa Tarafa, naye kaniambia niulize RITA, wale wanaotoa vyeti vya kuzaliwa.

Ndiyo maana nakuandikia, wewe uko Dar. Je, cheti cha kabla ya mgawanyo kinabaki halali kama kilivyo? Au ni lazima kibadilishwe, na kikibadilishwa kitaandikwa mkoa upi? Barua ya mtendaji yatosha, au wanataka kiapo? Wa kwako, yule mkubwa aliyezaliwa huku kwetu, ulimjazia nini? Unaweza kwenda kabla ya Ijumaa? Dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Nikutumie nakala kwa simu au kwa basi?

Msalimie shemeji.

Ndugu yako,
Elia